Kura Moja Kutoka Mitaboni

Nesi alikuja posta kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya kusimama kwenye foleni aliikagua kwanza. Alipita polepole kutoka mlangoni hadi dirishani, akiwatazama watu miguu, macho na kucha, halafu akarudi nyuma kuchukua nafasi yake.

"Wewe mama, hiyo miguu imefura. Dawa unakunywa ama unaweka kwa kabati?"

"Na wewe mzee, hiyo kikohozi umekuwa nayo tangu lini?"

Mtu aliyekuja kununua stempu moja aliondoka na maagizo matatu. Mimi nilikuwa karani wa dirisha la pili, posta ya Machakos mjini, na nilimwona akifanya hivyo kwa miaka kumi na mitano. Mimi hakuwahi kunikagua. Nadhani aliamua mapema kwamba sina dawa.

Jina alikuwa nalo, na liliandikwa kwenye kila barua yake, lakini hakuna aliyelitumia. Wazee walimwita Nesi, watoto walimwita Nesi, hata mchungaji wake alimwita Nesi pale madhabahuni. Alikuwa amewazalisha akina mama wengi wa upande wa Kathiani kabla ya kwenda Marekani, akafanya kazi huko miaka mingi, akachukua uraia wa huko, akastaafu, akarudi Mitaboni kulima parachichi na kufuga ng'ombe wawili wenye hasira. Watu walitegemea gari kubwa na Kiingereza cha puani. Alishuka na sanduku moja la nguo, maboksi manne ya vitabu na Kikamba chake kile kile cha zamani, ambacho vijana walianza kukicheka kwa sababu wao wenyewe walikuwa hawakijui tena.

Hakuwa mtu rahisi. Aliwahimiza watu kufika mapema kila mahali na yeye alichelewa kanisani kila Jumapili, akaingia wakati wa mahubiri na kuketi mbele kabisa. Aliisema vibaya Marekani kutwa nzima: chakula chao hakina ladha, jirani anaweza kufa usijue mpaka polisi waje kufungua mlango wake, wazee wanafichwa kama nguo kuukuu. Lakini ole wako wewe ambaye hukuwahi kufika huko useme neno. "Umekaa huko? Haujakaa. Basi nyamaza." Alijua siri za matumbo ya watu wote wa Mitaboni na hakuzitoa hata moja, ila shinikizo la damu la mtu alilitangaza kwa sauti mbele ya foleni nzima, kwa sababu alisema hiyo si siri, ni onyo.

Ukitaka kumwelewa, lazima uelewe jambo moja la sheria ya wakati ule. Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa hapa. Kwa hiyo Nesi, kwenye shamba la wazazi wake, alikuwa mgeni. Alikuwa na kitambulisho cha wageni, na kila baada ya muda ilimbidi kwenda Nairobi kwenye ofisi za uhamiaji kuomba ruhusa ya kuendelea kulala kitandani kwake. Akitoka huko ilikuwa heri kumpisha.

"Wameniambia nikuwe na tabia nzuri nikiwa nchini," alituambia siku moja, akipiga kioo changu na kile kitambulisho. "Mimi! Nimezalisha nusu ya hii foleni!"

Na kweli, mwanamke mmoja nyuma yake akasema, "Hata mimi, mwaitu." Mwaitu kwetu ni mama.

Mwaka 2002 nchi ilipokuwa imejaa joto la mabadiliko, nilienda kupiga kura nyumbani. Kwetu na Mitaboni tumetenganishwa na kilima tu, na kituo chetu kilikuwa kimoja, shule ya msingi. Nilimkuta Nesi ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya geti, mashine ya kupimia presha iko magotini. Naibu chifu alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi, jasho linamtoka.

"Nesi, si unajua wewe huwezi piga kura hapa. Wewe si wa hapa kwa kitabu. Enda nyumbani upumzike."

"Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Nyinyi."

Alikaa pale mpaka masanduku yakafungwa. Watu wawili walizimia kwa jua. Aliwamwagia maji, akawapima, akawainua kwa mkono na kuwarudisha kila mtu mahali pake kwenye foleni. "Rudi kwa laini. Usipoteze hiyo." Nilipotoka ndani na wino kwenye kidole, alikitazama hicho kidole kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama mimi.

Nilimwuliza, kwa ujinga wangu, kwa nini alijisumbua kutuma kura Marekani kwa posta ilhali amerudi nyumbani kabisa.

"Sikia," akasema. "Hapa nachanga harusi, nazika watu, nachimba mtaro wa maji na wengine, na siwezi piga kura. Kule sina hata sufuria, na naweza. Kwa dunia yote niko na kura moja. Unataka nitupe hiyo moja?"

Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na sababu. Kura hiyo moja, miaka miwili kabla, nilikuwa nimeipoteza mimi.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2000 alikuja na bahasha yake ya kura, ameifunga vizuri, pesa za stempu ziko mkononi. Niliitazama ile bahasha. Pale juu penye nafasi ya stempu palikuwa pamechapishwa maandishi ya Kiingereza kwamba ni karatasi rasmi za kura na kwamba haihitaji kulipiwa. Sasa, sisi makarani wa posta tulikuwa tumelelewa na bahasha za serikali. Barua ya mkuu wa wilaya, ya mahakama, ya hospitali kuu, zote zilipita bila stempu, na karani aliyediriki kudai stempu kwenye barua ya serikali aliitwa ofisini. Nilimrudishia pesa zake.

"Mama, hii ni ya serikali. Inaenda bure."

"Ya serikali gani?"

"Serikali ni serikali, Mama."

"Kijana, una hakika? Mimi naona ni afadhali nilipe."

"Hii ndiyo kazi yangu," nikamwambia, nikaigonga muhuri wa tarehe kwa kishindo na kuitupa kwenye gunia. Watu kwenye foleni waliona jinsi ninavyoijua kazi. Ningesoma mstari uliofuata ningeona kwamba haihitaji kulipiwa ikiwa imetumwa ndani ya Marekani.

Wenye kumbukumbu watakumbuka ule uchaguzi. Siku ikapita, wiki ikapita, hawana rais. Redioni ilikuwa kura, kura, kura: zihesabiwe tena, zisihesabiwe tena, na zile za watu walio ng'ambo zipokelewe au zikataliwe. Nesi alifika posta akiwa amechangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Aliwaambia watu, "Hizo za ng'ambo wanabishania, moja ni yangu." Na mimi nilikuwa nimeketi, na bahasha yake ilikuwa chini ya goti langu, ndani ya droo. Ilikuwa imerudishwa kutoka Nairobi na alama ya penseli ya bluu: haina stempu.

Nilikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi, Ijumaa, nilishindwa kumtazama, nikaitoa na kuipitisha chini ya kioo.

Aliigeuza. Akasoma ile alama. "Imerudi lini?"

"Siku tisa."

Nilitegemea kelele. Badala yake aligeukia foleni, akaongea kwa sauti ileile aliyotangazia presha za watu. "Huyu kijana ameweka kura yangu kwa droo. Siku tisa. Mimi nikiwaambia inahesabiwa." Mkuu wa posta akatoka ofisini mbio, akaomba msamaha, akamletea kitabu cha malalamiko na kalamu ameshaifungua. Nikajua kazi yangu imeisha.

Nesi alisukuma kitabu. "Nikiandika utamfuta. Na mimi nitapata nini? Nitaletewa mwingine mjinga kama huyu, nianze upya. Hapana. Huyu atasoma."

Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu. Kila Ijumaa saa ya chakula, kwa miezi mitano, niliketi naye kwenye benchi la upande wa vifurushi na kijitabu cha maelekezo ya wapiga kura wa Marekani walio ng'ambo. Nilisoma kwa sauti, yeye akala ndizi zake, na kila mahali nilipopita haraka alinirudisha. Nilijifunza kwamba huko hakuna daftari moja la nchi nzima, kila jimbo lina lake na masharti yake. Nilijifunza kwamba kujiandikisha ni kitu kimoja na kuomba karatasi ya kura ni kingine, na kwamba mtu wa ng'ambo huomba upya. Nilijifunza kwamba kura yako hukaa pale ulipoishi mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Yake ilikaa kwenye nyumba aliyokuwa amepanga, na nyumba yenyewe ilikuwa imebomolewa pakafanywa mahali pa kuegesha magari. Wafanyakazi wenzangu walifurahi sana kusikia hilo.

"Nesi anapigia kura kwa parking!"

"Ndiyo," akajibu, bila kuacha ndizi yake. "Na iko sawa na ya mwenye ghorofa."

Maneno yao ya siasa aliyafundisha kwa vitu vya hapa. Mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimwuliza inakuwaje mtu apate kura nyingi za wananchi na bado ashindwe urais. Nesi aliweka kikapu chini. "Wewe ni wa Kangundo. Sosaiti yenu ya kahawa, ule ushirika wenu, inachagua mwenyekiti aje?"

"Kila kiwanda inatoa wajumbe. Wajumbe wanachagua kamati."

"Na kiwanda kubwa?"

"Inatoa wajumbe wengi."

"Basi. Jimbo ni kiwanda. Watu wanapiga kura, lakini wajumbe ndio wanachagua rais. Na karibu kila jimbo, ukishinda kwa kura moja ama kwa laki, unabeba wajumbe wote."

Mzee mmoja akashika kichwa. "Ngai! Kumbe Wamarekani wanaibiwa kama sisi."

"Hawajaibiwa. Waliandika hivyo wenyewe. Wewe ushawahi kusoma katiba ya sosaiti yako?"

Uchaguzi wa vyama, ule wa kuteua mgombea, aliuita mchujo, tena akaongeza kwamba wao huufanya kwa karatasi na sisi kwa mawe. Lakini somo alilolirudia mpaka likanichosha lilikuwa la siri. Nilikuwa nimemweleza jinsi tulivyopiga kura mwaka 1988, kwa mlolongo, tumesimama uwanjani nyuma ya picha ya mgombea huku wakubwa wakitembea na kutuhesabu vichwa. Akaniuliza nilisimama nyuma ya nani. Nikamtajia.

Alikasirika kweli. "Mbona umeniambia?"

"Si umeniuliza?"

"Nimekuuliza, ndiyo. Na wewe ukajibu tu! Mtu akikuuliza rangi ya chupi yako utamwonyesha?" Alifunga kijitabu na siku hiyo hatukuendelea. Nilirudi dirishani nimenuna, maana nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu.

Mwaka 2004 karatasi yake rasmi haikufika. Wakati huo hakunihitaji kumwambia la kufanya na mimi sikumhitaji yeye. Tulitumia karatasi ya akiba, ile ambayo mpiga kura huandika kwa mkono jina la anayemtaka. Jimbo lake lilidai shahidi wa sahihi, nikawa shahidi. Alinigeuza nitazame ukuta. Nilitazama ratiba ya magunia ya barua mpaka aliposema "Sasa," nikageuka, nikatia sahihi, nikabandika stempu za kutosha kuipeleka bahasha mara mbili. Habari zilienea. Padre mmoja mzee wa misheni, walimu wa kujitolea, na bwana mmoja aliyesimamia kiwanda cha nguo huko EPZ, eneo la viwanda Athi River, Wamarekani wote, wakaanza kuja dirisha la pili na kura zao. Walinionyesha yale maandishi kwamba haihitaji kulipiwa. Niliwaambia wote jambo moja: hapa ni Machakos, weka stempu.

Halafu ukaja mwaka 2008, ambao kila kinyozi alikuwa mtaalamu wa Marekani, kwa kuwa mmoja wa wagombea baba yake alikuwa Mkenya. Barua zilikuwa zimepungua, watu wana simu, na Nesi mwenyewe alikuwa amepungua. Sukari ilikuwa imemshika miguu na macho, yeye aliyekemea miguu ya watu wote. Alipokosa kuja Jumanne tatu mfululizo, nikajua ni mgonjwa. Ijumaa iliyofuata akanitumia neno: karatasi imefika, njoo unishuhudie.

Niliomba ruhusa nikapanda kwenda Mitaboni mchana. Nilikuta uani watu kama ishirini. Akina mama wa kanisa wanaimba, jogoo amefungwa miguu kama zawadi, na naibu chifu, yule yule, tumbo limeongezeka. Nesi alikuwa sebuleni kwenye kiti, blanketi magotini, bahasha imelala mezani mbele yake. Naibu chifu aliingia na mimi, bila kualikwa.

"Nesi, watu wako nje. Wanataka tu kuona ukimwekea kijana wetu alama. Tupige hata picha moja. Ni kura yetu ya hapa Mitaboni."

"Yenu?"

"Yetu wote, Nesi. Wewe ni wetu."

Nesi alivua miwani. Mikono ilikuwa ikitetemeka lakini sauti haikutetemeka. "Nilikuwa kwa geti ya shule na kiti. Ukaniambia mimi si wa hapa kwa kitabu. Leo ni mimi si wa hapa, lakini kura yangu ni ya hapa?"

"Nesi, hiyo ilikuwa ni sheria."

"Hata hii ni sheria. Toka."

"Nesi..."

"Toka na hiyo jogoo yenu. Na wewe upunguze chumvi, uso umefura."

Alitoka. Nilifunga mlango, na kama kawaida nikageukia ukuta. Palikuwa na kalenda ya kanisa. Nikasikia kalamu ikigusa karatasi, ikaacha, ikagusa, ikaacha. Nikasikia akishusha pumzi.

"Geuka," akasema. "Njoo unishikie hii karatasi. Inacheza."

"Nitaona, Nesi."

"Najua utaona. Shika."

Nilishika karatasi kwa viganja viwili. Aliinama mpaka pua ikakaribia meza. Kalamu ilizunguka hewani, ikashuka, na akaijaza ile alama taratibu, kama alivyokuwa akimchoma mtoto sindano. Nilitamani kufumba macho, lakini ningeyafumba, mikono ingelegea. Alipomaliza alibaki ameinama kidogo.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya, mwana wakwa. Weka sahihi yako."

Miaka kumi na mitano sikuwahi kuitwa mwanawe. Niliandika sahihi yangu vibaya, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo. Alijifanya hajaona, akalamba gundi ya bahasha.

Nje walinizunguka kabla sijafika getini. Naibu chifu alinishika mkono wa koti.

"Karani, tuambie tu. Tuanze kusherehekea?"

"Nimeshuhudia sahihi."

"Na alama? Si ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani."

"Kwani wewe ni mtu wa hapa ama wewe pia ni Mmarekani?"

"Mimi ni mtu wa hapa, na sisemi."

Mama mmoja alisema nimehongwa. Mwingine akasema ni wazi, angepigia nani mwingine? Niliutoa mkono wa naibu chifu kwenye koti langu, nikaondoka na bahasha kifuani, na alasiri hiyo hiyo niliituma kwa rejista, pamoja na kadi ya kurudishwa ikiwa imetiwa sahihi na mpokeaji.

Matokeo yalipotoka soko la Mitaboni lilicheza siku mbili. Kadi ilirudi baadaye, ngoma zikiwa zimenyamaza. Nilimpelekea Nesi. Alikuwa kitandani, haoni vizuri, ikabidi nimsomee: sahihi ya karani wa uchaguzi wa huko, na tarehe, siku tisa kabla ya uchaguzi. Aliniambia nisome tarehe tena. Nikasoma. Akaichukua kadi, akaipapasa pande zote mbili, akaiweka chini ya mto. Hakuuliza nani alishinda, na sikumwona tena baada ya siku hiyo.

Nilipotoka nilipita sokoni. Wanaume waliokuwa wameketi nje ya duka la pembejeo waliniona, na mmoja akapaza sauti.

"Karani! Ile kura yetu ilifika?"

"Yake ilifika," nikamwambia, nikaenda zangu.